Huduma ya Chinichini Inajizima? Vidokezo 11 kwa Watengeneza Programu za Android

Dereva wa bodaboda anachukua kifurushi Kariakoo, Dar es Salaam, anabonyeza "Anza safari", anatia simu mfukoni na kuondoka. Kuanzia hapo skrini imezimwa. Kusoma mahali alipo, kuhesabu kilomita na kupeleka taarifa kwenye seva kunategemea huduma inayofanya kazi chinichini. Huduma hiyo ikijizima akiwa Mtoni kwa Aziz Ali wakati mzigo unakwenda Mbagala, safari itaonekana nusu, na malipo yake yatakuwa na utata.

Tatizo hili linawasumbua watengenezaji wengi wa programu za simu, na lina sababu. Android 6 ya mwaka 2015 ilileta Doze, utaratibu wa kuilaza simu isiyotumika ili kuokoa betri. Tangu hapo masharti yameongezeka toleo baada ya toleo: Android 8, Android 12, Android 14, Android 15. Msimbo uliokuwa sahihi mwaka 2016 leo unaweza kuiangusha programu sekunde chache baada ya kuanza.

Msimamo wangu ni huu: usihangaike kutafuta huduma isiyokufa, maana kwenye Android haipo. Tengeneza kazi isiyopotea hata huduma ikifa. Vidokezo hivi 11 vinaelekea huko.

1. Jua kwanza imekufaje

Lalamiko la mtumiaji huwa lilelile: "App inajizima yenyewe." Lakini nyuma yake kuna mambo matatu tofauti. La kwanza, msimbo wako umetoa hitilafu ambayo hakuna aliyeidaka. La pili, programu imeganda mpaka mfumo ukatangaza kuwa haijibu, hali inayojulikana kama ANR. La tatu, mfumo wenyewe umeiua programu kwa kuwa memori imebana au betri inalindwa. Katika hili la tatu msimbo wako unaweza kuwa hauna kosa lolote, na ukikaa kulitafuta utakesha bure.

Kwa hiyo anza na ushahidi. Unganisha simu na kompyuta, andika `adb logcat -b crash`, tafuta maneno FATAL EXCEPTION, kisha shuka hadi kwenye "Caused by" ya mwisho. Mara nyingi chanzo halisi kiko huko chini.

Kwa vifo vya kimyakimya, kuanzia Android 11 unaweza kuiuliza simu yenyewe. Ita `getHistoricalProcessExitReasons` nayo itakupa orodha ya jinsi programu yako ilivyokufa siku za karibuni: REASON_CRASH, REASON_ANR, REASON_LOW_MEMORY, REASON_USER_REQUESTED na nyinginezo. Isome kila programu inapofunguliwa na uipeleke kwenye seva. Baada ya wiki moja utakuwa umeacha kubahatisha.

2. Jiulize kama kweli unahitaji huduma

Hitilafu nyingi huondoka pale unapoiondoa huduma yenyewe. Kupeleka picha, kusawazisha mauzo ya dukani, kupakua orodha ya bei: hizi ni kazi zinazoweza kusubiri dakika chache. Mahali pake ni WorkManager, maktaba inayohifadhi kazi zako kwenye hifadhidata na kuziendeleza hata simu ikizimwa na kuwashwa.

Ijue mipaka yake. Kazi ya kujirudia haiwezi kupangwa chini ya kila dakika 15, na kazi ya kawaida hupewa takriban dakika 10 kabla ya kusimamishwa. Kama una kazi ndefu, ikate vipande.

Huduma yenye arifa inayoonekana iachie yale ambayo mtumiaji anajua yanaendelea wakati huohuo, kama muziki, simu ya sauti, mazoezi ya kukimbia au safari ya yule dereva. Kama huwezi kueleza kwa sentensi moja kwa nini arifa ikae juu ya skrini ya mtu, huduma hiyo haihitajiki.

3. Onyesha arifa kabla ya kufanya jambo jingine

Kuanzia Android 8 ya mwaka 2017, ukiita `startForegroundService` unakuwa umeweka ahadi: ndani ya sekunde 5 huduma iite `startForeground` na kuonyesha arifa. Ukichelewa, mfumo unaiangusha programu kwa ujumbe unaosema "did not then call Service.startForeground()". Huenda hii ndiyo hitilafu ya huduma utakayokutana nayo mara nyingi kuliko zote.

Kinachowaponza watu ni mpangilio. Wanafungua hifadhidata kwanza, wanasoma mipangilio, wanamtafuta mtumiaji ni nani, ndipo wanaonyesha arifa. Kwenye simu mpya yenye kasi, muda unatosha. Kwenye simu ya bei nafuu iliyojaa picha na video za WhatsApp, sekunde 5 zinakwisha katikati. Ita `startForeground` mwanzoni kabisa mwa `onCreate` au `onStartCommand` ukiwa na arifa nyepesi, halafu ndipo uendelee na mengine. Arifa unaweza kuibadilisha baadaye.

Kuna mitego miwili ya jirani. Kwanza, chaneli ya arifa lazima iwe imeundwa tayari, la sivyo utapata "Bad notification". Iunde kwenye `Application`. Pili, ukiisimamisha huduma kabla haijatimiza ahadi ile, programu itaanguka vilevile.

4. Tangaza aina ya huduma na ruhusa zake

Programu inayolenga Android 14 inatakiwa kusema wazi huduma yake ni ya aina gani. Kwa mfano wetu, kwenye manifesti unaandika `android:foregroundServiceType="location"` na kuomba ruhusa mbili: FOREGROUND_SERVICE na FOREGROUND_SERVICE_LOCATION. Ukisahau aina, unapata MissingForegroundServiceTypeException. Ukisahau ruhusa, unapata SecurityException.

Hata ukiandika vyote hivyo, mtumiaji naye lazima awe amekubali programu isome mahali alipo. Hakikisha ruhusa ipo sekunde ileile unayoianzisha huduma, kwa sababu mtu anaweza kuiondoa jioni kwenye mipangilio na kukuta programu imeanguka asubuhi.

Usidanganye aina ili upate nafuu. Wapo wanaotangaza dataSync kwa kila kitu, lakini kwa programu zinazolenga Android 15, aina hiyo ina kikomo cha saa 6 ndani ya saa 24. Muda ukiisha mfumo unaita `onTimeout`, na huduma isipojisimamisha ndani ya sekunde chache, programu inaangushwa.

5. Anzisha huduma mtumiaji akiwa anaiona programu

Programu inayolenga Android 12 au toleo jipya zaidi, ikiwa chinichini, hairuhusiwi kuanzisha huduma yenye arifa isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa. Ukijaribu, unapata ForegroundServiceStartNotAllowedException. Ndiyo maana programu inaweza kufanya kazi vizuri mezani kwako ikiwa wazi, kisha ikaanguka mikononi mwa watu ikiwa imefungwa.

Dawa iko kwenye usanifu. Huduma ianze dereva anapobonyeza "Anza safari", programu ikiwa mbele ya macho yake. Kama lazima ianze kwa ujumbe kutoka kwenye seva, zungushia try na catch, na ukikataliwa peleka kazi WorkManager au mwonyeshe mtumiaji arifa ya kubonyeza.

Kuwa mwangalifu zaidi simu inapowashwa. Zamani wengi walianzisha huduma mara tu tangazo la BOOT_COMPLETED linapofika. Kwa programu zinazolenga Android 15, aina kadhaa, zikiwemo dataSync, kamera na muziki, haziruhusiwi tena kuanzishwa hapo.

6. Tarajia Intent tupu

Hapa Kotlin inawakamata hata wazoefu. Ukirudisha START_STICKY, unauambia mfumo: ukiiua huduma yangu, ianzishe tena ukipata nafasi. Unapoianzisha tena, Intent inayofika kwenye `onStartCommand` ni null. Msimbo ulioandika `intent!!`, au uliotangaza kigezo hicho kuwa hakiwezi kuwa tupu, unaanguka papo hapo. Mfumo unaweza kuianzisha tena, ikaanguka tena.

Tangaza kigezo kama `Intent?`, na uamue mapema utafanya nini kikiwa tupu. Namba ya safari isikae kwenye Intent peke yake. Iandike kwenye hifadhidata safari inapoanza, kisha huduma ikifufuka iulize: kuna safari ambayo haijafungwa? Ikiwepo, endelea nayo. Isipokuwepo, jisimamishe.

Kama kazi haina maana bila maelekezo ya awali, tumia START_REDELIVER_INTENT ili Intent ya mwisho irudishwe. Kama haina haja ya kufufuliwa, START_NOT_STICKY inatosha.

7. Usiupe uzi mkuu mzigo usio wake

Watu husikia neno "chinichini" wakadhani huduma ina uzi wake. Haina. Service ya Android hufanya kazi kwenye uzi mkuu, uleule unaochora skrini, mpaka wewe mwenyewe uihamishe. Ukiita mtandao humo unapata NetworkOnMainThreadException. Ukisoma faili kubwa humo, unaelekea kwenye ANR, ambayo kwa huduma iliyo mbele huja iwapo mbinu kama `onCreate` au `onStartCommand` haijamaliza ndani ya sekunde 20.

Tumia korutini za Kotlin zenye Dispatchers.IO. Fungua `CoroutineScope` yenye SupervisorJob, ili kazi moja ikishindwa isiziangushe nyingine, na uongeze CoroutineExceptionHandler ili hitilafu iandikwe kwenye logi badala ya kuizima programu nzima. Kwenye `onDestroy`, ifute scope hiyo. Korutini inayoendelea baada ya huduma kufungwa itagusa vitu ambavyo havipo tena.

Jambo moja zaidi: usidake kila Exception na kuimeza. CancellationException inatakiwa kupita, la sivyo kazi uliyoifuta haitasimama.

8. Andika kwanza, tuma baadaye

Hiki ndicho kidokezo ninachokithamini kuliko vyote, kwa kuwa kinamlinda mtumiaji hata pale vingine vinaposhindwa. Mtandao wa huku kwetu hukatika, hurudi, hupungua. Kuna hali inayojulikana kwa kila mtu: data imewashwa, alama ya mtandao iko juu ya skrini, lakini bando limekwisha na hakuna kinachopita. Msimbo unaoamini alama ile unakutana na UnknownHostException au SocketTimeoutException, na kama haikudakwa, programu inaanguka.

Kwa hiyo kila pointi ya safari iandikwe kwanza kwenye simu yenyewe, kwa Room au SQLite. Kutuma kuwe kazi tofauti ya WorkManager yenye sharti la NetworkType.CONNECTED. Ikishindwa, rudisha `Result.retry()`, nayo itajaribu tena kwa kuongeza muda wa kusubiri kila mara, kuanzia sekunde 30 usipobadilisha.

Kila rekodi ipe kitambulisho chake tangu inapoundwa kwenye simu. Ombi linaweza kufika kwenye seva huku jibu likipotea njiani, na simu ikatuma tena. Seva ikikiona kitambulisho inachokijua, ikubali bila kuandika mara ya pili. Bila hilo, dereva atahesabiwa safari moja mara mbili, na mteja atatozwa mara mbili.

Ukishafanya hivi, huduma ikiuawa Mtoni, pointi za Kariakoo mpaka Mtoni ziko salama. Zitatumwa baadaye hata kama dereva hajui chochote kilichotokea.

9. Punguza uzito

Simu nyingi za wateja wetu zina memori ndogo. Memori ikibana, Android huanza kuua programu, na programu nzito iliyo chinichini haina kinga. Kinachoongeza uzito mara nyingi ni vitu vilivyosahaulika: kipokezi cha matangazo kilichosajiliwa bila kufutwa, `LocationCallback` ambayo haikuondolewa, Activity iliyoshikiliwa na kigezo cha kudumu. Kila unachokifungua kwenye `onCreate`, kipe mwenzake wa kukifunga kwenye `onDestroy`. LeakCanary itakuonyesha ulichokisahau.

Usipitishe picha ndani ya Intent. Njia ya Binder, inayobeba mawasiliano kati ya programu na mfumo, ina nafasi ya takriban MB 1 tu inayogawanywa na miamala yote inayoendelea ndani ya programu, na ukiijaza unapata TransactionTooLargeException. Hifadhi picha kwenye faili, pitisha anwani yake.

Vilevile, WakeLock iwe na muda wa mwisho kila unapoishika. Ukiiacha wazi inamaliza betri, na mtumiaji ataifuta programu kabla hujapata nafasi ya kuirekebisha.

10. Zungumza na mtumiaji kuhusu simu yake

Android ya Google ni mwanzo tu. Tecno, Infinix, Xiaomi, Huawei na Samsung wana taratibu zao za kuokoa betri, na baadhi huzifunga programu kwa ukali kuliko Android ya kawaida. Msimbo hauwezi kuzishinda zote, lakini maelezo mazuri yanasaidia sana.

Tengeneza ukurasa mmoja ndani ya programu, kwa Kiswahili chepesi, wenye picha za hatua za kufuata kwenye simu husika: ruhusu programu ijiwashe yenyewe, iondoe kwenye vizuizi vya betri. Kagua kwa `isIgnoringBatteryOptimizations` na uonyeshe ukurasa huo pale tu panapohitajika. Ruhusa ya kumfungulia mtumiaji dirisha la kuondoa kizuizi moja kwa moja ina masharti kwenye Google Play, kwa hiyo soma sera kabla ya kuiomba.

Mweleze pia kwamba akilazimisha programu isimame kupitia mipangilio, hakuna kazi yoyote ya chinichini itakayoendelea mpaka aifungue mwenyewe. Na tangu Android 13 programu huomba ruhusa ya kuonyesha arifa. Eleza sababu kabla ya kuomba, si baada ya kukataliwa.

11. Ijaribu katika hali ngumu, kisha uitoe polepole

Simu iliyochomekwa kwenye chaja mezani haitakuonyesha matatizo haya. Ilaze kwa nguvu:

`adb shell dumpsys battery unplug`
`adb shell dumpsys deviceidle force-idle`

Tazama kinachotokea, kisha uirudishe kwenye hali yake:

`adb shell dumpsys deviceidle unforce`
`adb shell dumpsys battery reset`

Ukitaka kuona programu yako ikiwekwa kwenye kundi la programu zinazobanwa zaidi, tumia `adb shell am set-standby-bucket`, ukifuatisha jina la package ya programu na neno `restricted`. Zima data katikati ya kutuma. Ondoa ruhusa ya mahali huduma ikiendelea. Badilisha lugha ya simu, izungushe, ipigie. Na angalau simu moja ya majaribio iwe ya bei nafuu kama ile anayoitumia mteja wako.

Ukiridhika, toa toleo jipya kwa asilimia chache ya watumiaji kwanza, na utazame Android Vitals ndani ya Play Console. Google imeweka mstari wa tabia mbaya kwenye asilimia 1.09 ya watumiaji wa siku waliokumbwa na kuanguka kwa programu wanakokuona wao, na asilimia 0.47 kwa ANR. Kuanguka kukiwa na huduma yenye arifa inayoonekana kunahesabiwa humo pia, hata kama skrini ilikuwa imezimwa. Ukivuka mstari, programu yako inaweza kupunguziwa nafasi ya kuonekana dukani. Usisahau kupakia faili la mapping la R8, la sivyo ripoti zitakuja na majina yasiyosomeka.

Uanzie wapi?

Huna haja ya kufanya yote wikendi moja. Ukiwa na saa mbili tu, fanya kidokezo cha 1 ili ujue ugonjwa, na cha 3 na cha 6, kwa sababu ni mistari michache ya msimbo inayoondoa hitilafu nyingi. Ukiwa na wiki, tenga siku nyingi kwa kidokezo cha 8.

Watu wanaotumia programu zetu hawajui Service ni nini, na hawapaswi kujua. Wanachojua ni kwamba wamefanya kazi na wanataka ihesabiwe. Fungua mradi wako leo, tafuta kila mahali panapoanzishwa huduma, na kwa kila huduma jiulize: simu ikiiua sasa hivi, ni nani atakayepoteza, na atapoteza nini? Rekebisha kwanza pale ambapo jibu ni pesa ya mtu.